Mlango Wenye Kufuli Tatu

Mwaka wa 1972, watu walipokuwa wakiuawa na kukimbia Burundi, nilikuwa na umri wa miaka minane, na taabu yangu ilianzia hapo. Mtu tuliyemzika juzi Giteranyi alikuwa na kumi na mmoja mwaka huohuo, na yake ilianzia palepale. Habari ya kifo chake ilinifikia kwa simu nikiwa karakanani kwangu hapa Gitega, mashine ya kuchomelea inanguruma, ikabidi nimwambie aliyepiga apaze sauti. Akapaza: "Mwalimu hayupo tena, Fundi. Sukari imemmaliza." Nikazima mashine. Sikulia, maana hakuwa ndugu yangu, na nikisema kweli hata rafiki sikuwahi kumwita. Alikuwa mtu niliyemfahamu miaka mingi na niliyebishana naye karibu kila tulipoonana. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba shule niliiachia darasa la tatu, na kwamba safu hii naisema kwa mdomo, binti yangu anaandika, ananisahihisha na mimi namkatalia. Leo nimemwambia asisahihishe sana.

Tulijuana Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa navuta mivukuto kwa mhunzi mmoja, napata ugali wa jioni na vidole vilivyoungua. Yeye alisoma, na alipokuwa kijana kanisa likampa darasa letu la ubatizo. Siku ya kwanza akatuambia kwamba hakuna mtu mwema, kwamba ubovu umo ndani ya kila mmoja wetu tangu Adamu, kwa mfalme na kwa mkimbizi sawasawa. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tumekimbizwa na watu. Ubovu wa wengine tulikuwa tunaujua vizuri, wetu ndio hatukuwa tumeusikia. Nikanyoosha mkono. "Na mama yangu je?" Akaniangalia bila kucheka. "Mama yako ni mwema kwako. Kawaulize majirani." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikakunja ngumi chini ya benchi. Mama yangu kweli alikuwa na ulimi mkali, lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto. Nilibatizwa nikiwa bado nimemkasirikia.

Amani ilipokuja, tukarudi, kila mtu na njia yake. Mimi nilishuka Gitega na mashine moja ya kuchomelea na maneno machache ya Kirundi yaliyonyooka. Watu wa hapa walinicheka namna ninavyosalimia, lakini milango yangu hawakuicheka. Nimejijenga kwa mikono hii. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaona haya kusema walichofanya, mimi sioni. Yeye alirudi kwao, Giteranyi, kule kaskazini mwa Muyinga ambako njia za miguu zinavuka mpaka bila kumuuliza mtu. Akafundisha, na miaka ikaenda mpaka akapewa kuongoza shule ya msingi ya serikali, shule ambayo nusu yake wazazi waliijenga wenyewe Jumamosi za kazi za pamoja, waliorudi na waliobaki, Wakatoliki, watu wa kanisa letu la kipentekoste, na familia chache za Waislamu wanaouza vitambaa na kushona nguo.

Siku moja nikamwona amesimama mlangoni pa karakana, koti limejaa vumbi la barabara ya Karuzi, mkononi ana kipande cha kamba chenye mafundo. Kamba hiyo ilikuwa kipimo cha mlango wa stoo. Shule ilikuwa imeanza kupikia watoto mchana, na maharage na unga vilihitaji mahali pa kulala.

"Nataka mlango wa chuma," akasema. "Makomeo matatu, kila komeo na kufuli yake, kila kufuli na ufunguo wake."

"Mwalimu, unafungia maharage au benki?"

"Maharage. Benki haina watoto wenye njaa mlangoni."

"Kwa hiyo funguo tatu za nani?"

"Mmoja wa mzee wa kanisa letu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Wa pili wa mama mpishi, yeye ni Mkatoliki. Wa tatu wa maalimu anayewafundisha Qurani watoto wa Kiislamu. Stoo haifunguki mpaka wote watatu wawe wamesimama pale."

"Na wewe mkuu wa shule?"

"Mimi sina ufunguo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nami huwa nasikia njaa."

Nikamwambia kwamba anawatukana watu wanaomcha Mungu. Mzee yule wa kanisa namfahamu, nikasema, ni mtu wa maombi, ana magoti magumu kama ya ngamia. Yeye akajibu kwamba hata akija malaika atampa ufunguo mmoja tu, sababu hajui kama malaika huyo ameshaanguka au bado. Nikasema nami nimejijenga mwenyewe bila kuwekewa kufuli na mtu. Akashika mlango wa jirani niliokuwa nautengeneza, akapitisha kidole kwenye mshono uliokaa vibaya kidogo, akasema, "Kama umejijenga mwenyewe, Fundi, basi na hizi kona zilizopinda ni zako." Ndivyo alivyokuwa. Unamuuzia mlango, anaondoka amekuachia jambo la kukuwasha.

Mlango niliupeleka mwenyewe. Pikapu ilifika mpaka ilipogoma, sehemu iliyobaki tukaulaza mlango juu ya baiskeli mbili na kusukuma, vijana wakiimba, watu wa shambani wakiuliza ni mlango wa kanisa gani. Nilipoufunga, wote watatu wenye funguo walikuwepo. Mzee wa kanisa alichukua ufunguo wake kama mtu anayepewa dawa chungu. Maalimu alicheka. Huyu ni mzaliwa wa mji wa Muyinga, na Kiswahili chake ni cha huko kwao: "Direkta, mi sina shida. Ila we hauna imani na mtu hata kidogo!" Mwalimu akasema, "Imani nnayo kwa Mungu, maalimu. Kwa watu nina kufuli."

Sasa nieleze ugomvi wenyewe, maana huu ndio ulionifanya nimkumbuke. Wazazi wa kanisa letu walikuwa wengi kuliko wengine, na walitaka kila asubuhi, kabla ya masomo, watoto wote wasimame uwanjani na kusali sala yetu kwa sauti, atakayekataa asiingie darasani. Walisema, matofali ya shule hii tumeyachoma sisi. Mwalimu hakuwa mtu wa kukataa dini shuleni. Somo la dini alilitaka na alilifundisha mwenyewe, ila kwa namna tuliyoizoea Tanzania: kipindi kinafika, Wakatoliki wanakwenda huku, Waprotestanti kule, maalimu anawaita wa kwake chini ya paa la jiko, kila mtoto na mwalimu wake. Asubuhi uwanjani alikuwa na kimya tu. Bendera inapanda, halafu kimya. Mzee wa kanisa akamwambia, "Kimya si sala." Akajibu, "Kimya ni cha serikali. Sala weka yako humo ndani." Maalimu naye alikuwa ameshasema neno lake bila makelele: "Watoto wetu iko na dini yao. Mukiwalazimisha, mi nawatoa wote, wanarudi sokoni." Kila mtu aliijua maana yake. Watoto wale wangekuwa wanapima vitambaa na kuhesabu vifungo, na kusoma kungekuwa kumekwisha. Na Mwalimu mwenyewe alishaonywa kwamba akishindana na wazazi, kamati itaomba aletwe mkuu mwingine.

Kabla ya mkutano wa kuamua jambo hilo kulitokea jambo jingine, nami nililipata baadaye kwa mama mpishi mwenyewe. Kanisa letu lilikuwa na juma la kufunga na kuomba, na kwaya za wageni zilikuwa zimealikwa. Juma hilohilo mama mpishi alifiwa kwao, Buraza, huku kwetu Gitega, safari ya mbali. Ili watoto wasikose chakula akamwachia mzee wa kanisa ufunguo wake, nani mwaminifu kuliko yeye? Kesho yake maalimu akawa anakwenda Muyinga kununua vitambaa. Yeye naye, kwa ujirani mwema na bila kujua la mwenzake, akapitia kwa mzee huyohuyo: "Mzee, nishikie hii kadena, mi narudi Ijumaa." Huko kufuli wanaiita kadena, na ufunguo wake vilevile. Hivyo ndivyo mlango niliouchomelea kwa jasho ulivyoshindwa. Haukushindwa na mwizi. Watu wetu wameishi ukimbizini kwa kuachiana vitu, mtoto, sufuria, ufunguo wa nyumba, na aliyekataa kushikia cha jirani aliitwa mchawi. Hakuna anayeweza kuwafundisha watu hao kufuli tatu kwa siku moja.

Kwaya zilifika watu wengi kuliko walivyoalikwa. Wamefunga, wanafungua, wana njaa, na aibu ya kulaza mgeni na njaa kwetu ni kubwa. Mzee akafungua stoo. Hakuchukua hata punje kwa nyumba yake, hilo mpishi mwenyewe aliniapia. Aliwapikia watu wa Mungu maharage ya watoto wa shule, akijiambia atayarudisha wakati wa mavuno. Mpishi aliporudi akakuta magunia yamelegea, na watoto wakarudi nyumbani mchana bila kitu siku kadhaa, wakiambiwa kuni zimelowa.

Mpishi alimwendea Mwalimu akiwaka. "Mwalimu, sasa umempata! Kesho kwenye mkutano umfunge mdomo na sala zake." Mwalimu akasema, "Nimekwenda kwake jana. Nimemwambia ni juu yake kusema au kutosema. Mimi sitasema."

"Utamwacha akutoe kazini?"

"Mama, nikilisema mbele ya watu nitafurahi sana. Furaha hiyo ndiyo inayonitia hofu."

Mimi siku ya mkutano nilikuwepo, nimekwenda kufunga madirisha, nisijue lolote la maharage. Tulikaa kwenye darasa lenye madawati mapya. Mzee wa kanisa alitakiwa aseme kwanza, akasema kichwa kinamuuma, wengine watangulie. Nikasimama mimi. Nilisema vizuri, sijuti. Nikasema chuma napinda kikiwa chekundu, kikipoa hata mashetani wote wakishika nyundo hakipindi, na mtoto ni hivyohivyo, apindwe kwenye sala angali mdogo. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akainuka, mwembamba, mikono nyuma.

"Fundi amesema kweli kuhusu mtoto," akasema. "Mtoto ni wa kupindwa, nami sina mtoto mwema hata mmoja hapa, na wa kwangu akiwemo. Lakini Fundi amesahau kutuambia nyundo kaishika nani. Sisi Wakristo tunafundisha kwamba kila mtu ameanguka. Kama ni kila mtu, basi na mwenye nyundo. Mkinipa mimi nguvu ya kumnyima mtoto darasa kwa sababu ya namna anavyosali, leo nitamnyima wa maalimu. Kesho nitamnyima wa jirani niliyegombana naye mpaka wa shamba, na nitasema ni kwa ajili ya sala. Nyumbani salini. Kanisani salini. Kipindi cha dini nitawafundisha mpaka mchoke. Mlango wa darasa la serikali msiniachie peke yangu. Mimi najijua."

"Kwa hiyo sala haibadilishi mtu?" mtu akapaza sauti nyuma. "Mwalimu, sema! Haibadilishi?"

Ndipo mzee wa kanisa aliposimama. Alivua kofia yake akaiweka kwenye dawati, na ninakumbuka tulidhani anataka kuomba. Akasema, "Juma lile la kufunga nilisali kuliko mwaka mzima. Magoti yangu bado yanauma. Na juma lilelile nilifungua stoo nikalisha kwaya chakula cha watoto wenu. Usiku nikisali, asubuhi nikipakua. Niliona ni vizuri. Hata sasa nikifikiri, naona nilikuwa na sababu nzuri. Nataka watoto wasali. Lakini wasilazimishwe na mtu kama mimi." Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Maalimu, aliyekuwa karibu na dirisha, akasema polepole, "Mzee, ni sisi tulikupa kadena zote. Na sisi tuko ndani ya kosa." Swali la sala halikupigiwa hata kura. Watu walizungumzia nani ataleta maharage, na mpaka jua linazama magunia mawili yalikuwa yameshaahidiwa, moja la maalimu.

Njiani nilimuuliza Mwalimu kama sasa ufunguo atampa mtu mwingine. Akasema hapana, anabaki nao mzee yuleyule. "Katika wote watatu," akasema, "yeye ndiye pekee anayejua mlango ule una kufuli tatu kwa nini." Kilichoongezwa ni sharti moja tu: ufunguo haulali nyumba ya mwingine, hata kwa msiba. Nikamwambia bado nasimama na maneno yangu, mtoto apindwe angali wa moto. Akanijibu, "Pinda wa kwako, Fundi. Wana kona nzuri?" Nikaongeza mwendo, maana kifungua mimba wangu wakati huo alikuwa Bujumbura akifanya mambo nisiyopenda kuyataja gazetini.

Basi juzi tukamzika. Watu walijaa mpaka njia za baiskeli zikaziba. Waliosoma kwake walikuja wengine wakiwa walimu, wengine wakiwa na mapikipiki, na maalimu alifika na watu wake wote, wakasimama pembeni kwa heshima kanisa lilipoimba. Baada ya maziko chakula kikawa hakitoshi. Waombolezaji wamefika toka Muyinga mjini, toka Giheta, toka ng'ambo ya mpaka, na masufuria yameshakwanguliwa. Msaidizi wa Mwalimu shuleni, kijana aliyeshika nafasi, mtu mzuri na mcha Mungu kweli, akanivuta kando.

"Mzee, una grainda kwenye gari?"

"Ipo. Ya nini?"

"Stoo ya shule ina maharage. Maalimu ametoa ufunguo wake, mama mpishi naye kakubali. Mzee wa kanisa ndiye anakataa. Tukate komeo lake moja tu. Ni kwa ajili ya Mwalimu mwenyewe, Mzee. Watu wamekuja kumlilia, watalala na njaa?"

Tukaenda kwa mzee wa kanisa. Amezeeka, ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba ya marehemu, fimbo magotini. Kijana akamweleza tena, kwa adabu, mgeni, njaa, heshima ya marehemu, tutarudisha wakati wa mavuno. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hata safari ile nilikuwa na sababu nzuri." Akafumba mkono wake kwenye mfuko wa koti, na ufunguo ukabaki humo. Kijana akanigeukia mimi mwenye grainda. Makomeo yale niliyachomelea mimi, na kuyakata ningeyakata kwa muda wa kunywa chai. Nikamwambia apeleke watu waombe ndizi kwa majirani. Alininunia. Majirani walileta ndizi, mihogo, na mama mmoja akaleta sufuria nzima ya maharage ya nyumbani kwake, tukala tumebanana na kwa kuchelewa sana, na watoto Jumatatu walikula mchana kama kawaida.

Mimi bado nasema watoto wasali shuleni kwa sauti. Nilimwambia akiwa hai, na sitabadilika kwa sababu yeye sasa hawezi kunijibu, huo ungekuwa woga. Lakini kuna jambo alilonishinda. Nilidhani anayemwekea mcha Mungu kufuli hamheshimu. Sasa naona aliwaheshimu kuliko mimi, maana mimi niliwataka wawe malaika, na mtu ukimtaka awe malaika utamtupa siku utakayomwona ni mtu. Yeye alitujua sote tangu darasa la ubatizo, na hakumtupa hata mmoja. Mimi nimejijenga mwenyewe, na kwa hiyo najua na kona zangu zilizopinda ni zangu. Shule ya wote, stoo ya wote, serikali ya wote, msimpe mtu mmoja funguo zote, na zaidi ya wote msimpe yule anayesali vizuri, kwa sababu huyo hatakosa sababu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Gitega, yenye vyumba vitano. Nina shamba la migomba na kahawa Giheta. Nina mashine mbili za kuchomelea, grainda moja, pikapu iliyozeeka, ng'ombe na ndama wake, na Biblia ya Kiswahili niliyorudi nayo kutoka Tanzania. Nina stoo ya vyuma yenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili anao mke wangu, na hanipi hata nikiwa na sababu nzuri.